Anayemfuata Butoyi

Shuleni, Kasulu
15 Machi 2014

Kaka Hilali,

Shikamoo. Hunijui kwa jina. Mimi ni yule msichana wa Kidato cha Tatu aliyekaa benchi la mbele siku ulipokuja kutuonyesha tovuti ya shule, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ulipouliza nani ana swali, niliinua mkono nusu. Watu wakageuka kunitazama, mkono ukashuka wenyewe. Ulisema anayeona haya akuandikie barua Kibondo, utamjibu. Wenzangu walicheka wakidhani ni utani. Mimi niliandika anwani yako kwenye kiganja.

Swali langu la kwanza ni hili. Mdukuzi ni mtu mwenye akili au ni mwizi? Magazeti yanamwita mwizi, lakini ulipokuwa unamtaja wewe nilisikia kama unamsifu kidogo.

La pili. Mtu asiye na kompyuta anaweza kujifunza kuandika programu? Hapa tuna kompyuta sita na wanafunzi wengi. Jumamosi tunakaa watano watano kwenye mashine moja, na anayekaa katikati ndiye anayeshika kibodi. Mimi hukaa pembeni. Kwa hiyo naandika programu zangu kwenye karatasi, halafu najifanya mimi ndiye kompyuta, nafuata mstari kwa mstari nione nitafika wapi. Juzi nilijizungusha sehemu moja mpaka kengele ya chakula ikalia, kumbe sikuwa nimejiandikia pa kusimama.

Kiranja wa chumba cha kompyuta, Majaliwa wa Kidato cha Nne, ndiye aliyeniambia kosa lilipo. Alisema, "Maktaba, kompyuta yako ya karatasi ingekuwa na feni ingeshaungua." Maktaba ni jina wanaloniita. Majaliwa huniachia nibaki nikisoma kitabu cha mafunzo wakati yeye anafagia.

Samahani kwa urefu wa barua. Kwa kalamu naongea zaidi.

Wako,
Elieth Longinus


Kibondo, dukani
2 Aprili 2014

Mdogo wangu Elieth,

Marahaba. Barua yako imesomwa na nyumba nzima, na mdogo wangu Shamsi anasema wewe ndiye mteja wangu wa kwanza mwenye akili.

Nianze na la pili. Endelea na karatasi. Wengi niliosoma nao chuoni Dar walikuwa na kompyuta nzuri na hawakuwahi kujifanya wao ndio kompyuta. Mashine haina huruma wala hila. Inafanya ulichosema, haifanyi ulichokusudia. Kazi yetu yote imo katika nafasi iliyopo kati ya hayo mawili, na nafasi hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye karatasi.

Sasa mdukuzi. Watu wanamfikiria kijana aliyejifungia gizani anabonyeza vitufe kwa kasi. Mimi nakuambia mdukuzi hatari hapa kwetu ni mtu mwenye adabu. Anakuja, anakusalimu, anauliza habari za nyumbani, anasimama nyuma yako wakati unaandika neno lako la siri. Utamwambia ageuke? Huwezi, utaonekana unamwita mwizi. Kwetu anayefunga mlango mchana ni mchoyo. Usalama wa kompyuta unatudai tufunge mlango mchana kweupe, na tumfungie hata shemeji. Ndiyo maana ni mgumu hapa kuliko Ulaya.

Lakini wapo wadukuzi wa aina nyingine. Anauona mlango haukufungwa, haingii, anamwita mwenye nyumba na kumwambia. Huyo ndiye niliyekuwa namsifu. Mjenzi asiyetaka kuambiwa kosa lake asijenge kitu cha watu wengi. Niandikie sentensi hiyo ukutani.

Tovuti ya shule yenu, bila kujisifu, nimeifunga vizuri. Walimu wanaweka alama humo kila mmoja kwa neno lake la siri. Na kwa kuwa walimu ni wasahaulifu kuliko wanafunzi, nimeweka kitu nilichokibuni mwenyewe. Mwalimu akisahau, anaulizwa jina la ndugu anayemfuata kwa kuzaliwa, akilijibu anaweka neno jipya. Mwizi atajuaje nani amemfuata nani tumboni mwa mama wa mwalimu? Kwetu sisi, mimi nafuatwa na Shamsi, na nje ya nyumba hii hakuna anayejua mkubwa ni nani, maana amenizidi urefu.

Ningekuandikia hata salamu za Kiha, lakini Kiha changu ni cha kuuzia misumari tu. Babu alikuja na Kiswahili cha pwani, nasi tukabaki nacho.

Kaka yako,
Hilali


Shuleni, Kasulu
26 Aprili 2014

Kaka Hilali,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, ila ilisomwa kabla yangu. Hapa barua za wanafunzi hufunguliwa ofisini na mwalimu wa zamu. Zamu ilikuwa ya Mwalimu Butoyi, ambaye pia ndiye mwalimu wa taaluma. Aliniita, akanishikisha bahasha iliyochanwa, akauliza, "Huyu Hilali ni nani wako?" Nikasema ni fundi wa tovuti. Akasema, "Fundi anaandika kurasa mbili?" Walimu wengine wakacheka. Bwenini nako wananiuliza mahari imefika ngapi.

Mwalimu Butoyi si mtu mbaya. Alisema sehemu ya adabu na neno la siri imemfundisha jambo. Lakini nilijisikia kama nimesimama bila viatu. Hakuna kibaya ulichoandika, na bado sikutaka kisomwe na mtu mwingine. Nimeanza kufikiri kwamba siri haihitaji kuwa kosa. Inaweza kuwa tu kitu chako.

Tafadhali barua zijazo mpe dereva wa basi azifikishe dukani kwa Bi Kuruthumu, hapa sokoni Kasulu. Nimeambiwa ni shangazi yako. Jumamosi tunaruhusiwa kununua sabuni, na nimemwomba. Amekubali, akasema, "Ila usiolewe na Hilali, mwanangu, hajui hata kuchemsha chai."

Kuna jambo nataka kukuuliza kuhusu lile swali la ndugu anayefuata. Bado natafuta namna nzuri ya kulisema.

Wako,
Elieth


Kibondo
20 Mei 2014

Mdogo wangu,

Marahaba, na shangazi anatia chumvi. Chai naijua.

Nisamehe ufupi. Shule mbili za huku Kibondo zinataka tovuti kama yenu, na moja ya Kasulu imepiga simu. Mkuu wenu amenisifu kwenye kikao cha wakuu, kwa hiyo silali nikiandika. Baba ameanza kuwaambia wateja wa saruji kwamba mwanawe ni mhandisi. Zamani alikuwa anasema, "Yule wangu anacheza na kompyuta."

Hilo swali liulize tu vyovyote. Kwangu hakuna swali baya.

Hilali


Shuleni, Kasulu
30 Agosti 2014

Kaka Hilali,

Shikamoo. Sasa naliuliza, na sijapata namna nzuri bado.

Alama za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne zimebadilishwa kwenye tovuti. Hesabu za wanafunzi sita zilipanda, na mmoja wao ni Majaliwa. Mwalimu wa hesabu aligundua alipolinganisha na karatasi alizosahihisha. Alama ziliingizwa kwa jina la Mwalimu Butoyi. Mkuu wa shule anasema alikupigia simu, ukamhakikishia kwamba kufuli lako halivunjiki. Kwa hiyo, akasema mstarini, mtu ameiba neno la siri kwa macho, na aliyekuwa karibu na kibodi ya Mwalimu kila siku ni anayefagia chumba.

Majaliwa amerudishwa kwao Busunzu. Bodi ya shule itakaa Jumamosi ya tarehe 27 Septemba. Wakimfukuza, hatafanya mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja. Mama yake, mama Maximilla, alikuja kumchukua kwa miguu toka barabarani, akabeba godoro kichwani na hakumsemesha neno. Majaliwa alinipita getini akasema, "Maktaba, ufagio uko nyuma ya mlango." Basi.

Kaka, wewe ni mtu wa duka na Kiha chako ni cha misumari, kwa hiyo hukujua, na si kosa kutojua. Kwetu Waha mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Mtoto anayezaliwa baada yao ni Kiza. Ni hivyo Busunzu, ni hivyo Kagerankanda, ni hivyo kila kijiji. Mtu akiitwa Butoyi umeshajua anayemfuata. Hata mtoto wa miaka mitano anajua.

Mwalimu Butoyi husahau neno lake mara kwa mara, na hulibadilisha mbele yetu darasani. Mimi hukaa mbele kwa sababu ya macho. Niliona swali lako kwenye skrini, nikaona anajibu. Ulilificha jibu kwa nukta, lakini nukta zilikuwa nne.

Na kuna jambo jingine. Wiki alama zilipobadilika, neno la siri la Mwalimu lilikataa. Alisema, "Nimesahau tena, uzee huu," akaweka jipya. Nimelifikiria kwenye karatasi. Aliyeiba kwa macho angeingia kwa neno lilelile la Mwalimu, nalo lingeendelea kufanya kazi. Neno lilikataa kwa sababu mtu alikuwa ameweka jingine. Alipitia kwenye swali lako. Na mtu huyo hakuhitaji ufagio. Angeweza kuwa kwenye simu popote.

Nakuambia kitu ambacho shuleni hakuna anayekijua. Mimi ni Bukuru. Butoyi wangu alikufa tukiwa wachanga, na mdogo wetu ni Kiza. Nikitaja jina langu, mtu wa kwetu ataniuliza papo hapo, "Butoyi yuko wapi?" Nilipoanza sekondari nilijiandikisha Elieth tu, ili nisiulizwe. Ndivyo nilivyojua kwamba jina linaweza kusema mengi kuliko mwenye jina anavyotaka.

Tafadhali mwambie Mkuu kwamba kufuli lina ufunguo mwingine, na ufunguo huo anao kila mtu wa hapa.

Wako,
Elieth


Kibondo
6 Septemba 2014

Elieth,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kwanza nijibu hili kwa ukweli. Ulijaribu? Uliwahi kuandika jina hilo kwenye kisanduku, hata kwa kutaka kuona tu? Mtu hatambui mambo haya kwa karatasi peke yake. Kama uliingia, niambie sasa, nijue nasimama wapi.

La pili, usimwambie mtu yeyote, hata shangazi. Nimeshalitoa swali lile. Usiku huohuo nilipopata barua nililifuta, na anayesahau sasa atanipigia mimi simu. Kwa hiyo tatizo limekwisha. Tundu halipo.

Kuhusu huyo Majaliwa, bodi ina watu wazima. Wataona wenyewe kwamba hakuna ushahidi. Mimi nikisema leo kwamba kufuli langu lilikuwa wazi, zile shule tatu zitasikia kabla ya jua kuzama. Baba ameshaagiza kibao cha kuweka nje ya duka. Unajua maana yake?

Hilali


Shuleni, Kasulu
13 Septemba 2014

Kaka Hilali,

Shikamoo.

Sikujaribu. Niliona mlango haukufungwa, na sikuingia, kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia kwamba kuna watu wa aina hiyo, nikataka kuwa mmoja wao. Ulisema anamwita mwenye nyumba na kumwambia. Hukuniambia kwamba mwenye nyumba akiitwa anauliza, "Na wewe ulikuwa unafanya nini mlangoni kwangu?" Sasa nimejua kwa nini wengi huona na kupita kimya.

Unasema tundu halipo. Kaka, hilo ndilo lililonikosesha chakula. Lilipokuwepo, Mkuu angeweza kuonyeshwa. Sasa bodi itafungua tovuti, itakuta kila kitu kimefungwa vizuri, itasema fundi alisema kweli. Umefunga mlango na Majaliwa yuko nje.

Simsemei kwamba hakufanya. Sijui. Na yeye anajua Kiha kama wengine. Lakini anafukuzwa kwa kosa la kuwa karibu na kibodi, na wewe na mimi tunajua kwamba aliyefanya hakuhitaji kuwa karibu. Kama angekuwa na hatia kwa kujua jina la Kiza, basi na bibi zetu wote wana hatia.

Sentensi yako niliiandika, si ukutani, maana tunakatazwa, bali ndani ya kifuniko cha sanduku langu. Mjenzi asiyetaka kuambiwa kosa lake asijenge kitu cha watu wengi. Kila asubuhi nikichukua sabuni naiona.

Usipokuja tarehe 27, nitaomba kusema mimi. Sijawahi kusema mbele ya watu wanaozidi benchi moja, na najua watakachoniuliza, kwa sababu umeshaniuliza wewe. Nimeanza kufanya mazoezi msituni tunapokwenda kuokota kuni. Sauti inatoka, ila inatoka na machozi, na sijajua kuvitenganisha.

Kibao cha baba naelewa maana yake. Baba yangu Longinus alipinga nisisome sayansi, na siku ripoti yangu ilipokuja aliibandika mlangoni kwa gundi ya baiskeli. Ningeona aibu kuibandua. Naelewa kabisa. Lakini sijui kibao kitaandikwaje ili baba yako akikisoma kiwe kweli.

Elieth


Shuleni, Kasulu
28 Septemba 2014

Kaka Hilali,

Shikamoo, na pole kwa safari. Jana uliondoka na pikipiki yako kabla sijakufikia, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Hukunitambua. Nilikuwa nje ya mlango wa bwalo, sare yangu imepigwa pasi, nikisubiri nipate nguvu ya kubisha. Mkono ulikuwa umeshainuka nusu, kama kawaida yake. Ndipo nikasikia pikipiki, ukapita karibu nami umejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, ukasema "samahani, dada," ukaingia. Hukujua ni mimi. Nimecheka peke yangu leo kanisani.

Nilisikia yote. Nilisikia mwenyekiti, mzee Sylvesta, akisema fundi asubiri zamu yake, nawe ukasema hukuja kama fundi. Nilisikia Mkuu akikukumbusha kwamba ulisema kufuli halivunjiki, nawe ukajibu, "Halikuvunjwa, Mwalimu. Lilifunguliwa." Mkuu ni mtu wa Tanga, akauliza lilifunguliwaje wakati tovuti ameijaribu asubuhi na haina kasoro. Ukasema, "Haina kasoro kwa sababu niliificha kasoro, mwezi huu huu, kwa mkono wangu. Hiyo ni kasoro ya pili, na ni kubwa kuliko ya kwanza." Kaka, mahali hapo niliketi chini kwenye simenti.

Halafu ukasema huna kompyuta ya kuwaonyeshea, utawaonyesha bila kompyuta. Ukawageukia wazazi waliokaa nyuma, ukauliza kwa Kiswahili chako cha dukani, "Naomba kuuliza swali moja tu ambalo tovuti ilikuwa inauliza. Mtu anayeitwa Butoyi, anafuatwa na nani?"

Bwalo zima likasema, "Kiza!"

Wajumbe wa bodi walisema. Wapishi waliokuwa dirishani walisema. Na Mwalimu Butoyi mwenyewe alisema, kwa sauti kuliko wote, kabla hajakumbuka kwamba hiyo ndiyo siri yake. Kisha mama Maximilla, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, akasema taratibu, "Ego, Kiza," kama anayemthibitishia mtoto, na watu wakaangua kicheko mpaka mzee Sylvesta akapiga meza.

Mkuu peke yake hakucheka. Alikuuliza, "Basi nani alibadilisha alama?" Ukasema, "Sijui. Nilichokuja kusema ni kwamba na ninyi hamjui."

Baada ya wewe kuondoka walibaki ndani muda mrefu. Majaliwa alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na tangi la maji. Nilimpelekea ufagio. Aliushika tu. Walipomwita na kumwambia arudi darasani, kwamba wanafunzi wote sita watarudia mtihani wa hesabu kwa karatasi mpya, mama yake aliondoa kitenge mabegani akamfuta nacho viatu. Yeye akiwa amevivaa, mbele ya wote.

Tovuti imefungwa. Matokeo yatabandikwa ukutani kama zamani. Mwalimu Butoyi alituambia leo, "Mimi nilipewa jina siku niliyozaliwa, nalo likaanza kutoa siri zangu kabla sijawa na siri."

Hukunitaja popote. Ulisema "mtu mmoja aliniambia, na nilimjibu vibaya." Nimelisikia hilo pia.

Elieth


Kibondo
15 Oktoba 2014

Mdogo wangu Elieth,

Marahaba. Yule wa mlangoni alikuwa wewe! Nilimwona binti amesimama wima kama mlingoti, nikadhani ni kiranja anazuia watu wasiingie. Ndiyo maana niliomba samahani.

Barua hii naituma kwa anwani ya shule makusudi. Sina tena ninachoogopa kisomwe na ofisi, na ukionekana unapokea barua kwa mlango wa nyuma watasema una kitu. Kama itachanwa, Mwalimu Butoyi, shikamoo.

Shule mbili zimejitoa. Ya tatu imeniita tena, mkuu wake akasema anataka fundi aliyewahi kukosea mbele za watu, ila nipunguze bei. Kibao kilikuja kimeshaandikwa "Mhandisi". Baba alikigeuza, akaandika nyuma yake bei ya saruji, akakitundika. Hakunigombeza. Jioni alisema tu, "Kosa la kufuli ni la fundi. Kosa la kunyamaza lingekuwa la kwetu sote."

Nilikuuliza kama ulijaribu. Swali lile nililiuliza kwa sababu nilitaka liwe kosa lako. Nisamehe.

Nimefikiri sana kuhusu lile swali langu la ndugu. Nililijenga kwa nyumba yetu, nikawapa watu wa nyumba nyingine. Nilijua kila kitu kuhusu kufuli, sikuuliza jambo hata moja kuhusu watakaolitumia. Miaka sita nimeuza misumari kwa akina Butoyi na akina Kiza bila kuuliza kwa nini wako wengi hivyo.

Humu nimeweka karatasi tatu. Ni mpango wa tovuti mpya, umeandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari. Jifanye wewe ndiye kompyuta. Halafu jifanye wewe ndiye mwizi. Utakapopata tundu niambie vibaya, usitafute namna nzuri.

Kaka yako,
Hilali


Shuleni, Kasulu
2 Novemba 2014

Kaka Hilali,

Shikamoo.

Kesho Majaliwa anaanza mtihani wa taifa. Ameninyang'anya kalamu yangu nzuri, anasema ina bahati, nami sijamdai. Chumba cha kompyuta sasa nafagia mimi, na Mwalimu Butoyi anapotaka kuandika neno la siri la kompyuta yake husema kwa sauti kubwa, "Elieth, geuka ukutani, mwanangu," nami nageuka, na hakuna kati yetu anayeona vibaya.

Karatasi zako nimezisoma. Tundu la kwanza liko ukurasa wa pili, mstari wa saba. Umeandika kwamba mwalimu aliyesahau akupigie simu umpe neno jipya. Utamjuaje kwa sauti? Hapa kwetu mtu akisema kwenye simu, "Ni mimi mwalimu wako, hunikumbuki?" utaona haya kusema humkumbuki. Ulinifundisha mwenyewe. Kuna matundu mengine mawili, nimeyachorea duara.

Nataka kukueleza jinsi barua yako ilivyonifikia. Ijumaa Mwalimu Butoyi alikuwa wa zamu tena. Aliniita ofisini, walimu wengine wakiwepo. Bahasha ilikuwa mezani mbele yake, pamoja na zile za wenzangu zilizochanwa. Aliigeuza juu na chini, akasoma jina la mtumaji, akaniangalia. Nilingoja achukue mkasi. Akanipa.

Nikaishika, nikaona gundi haijaguswa. Nikasema, "Mwalimu, hujaifungua."

Akasema, "Imeandikwa jina langu?"

Nikasema hapana.

"Basi." Nilipofika mlangoni akaniita tena, akaniuliza kwa Kiha, polepole, kama mtu anayebisha hodi, kama ni kweli kwamba kwetu kuna mtoto anayeitwa Kiza. Sijui alijuaje, labda baba alimwambia siku ya wazazi. Niliitikia. Yeye ni Butoyi, kaka, na hakuniuliza pacha wangu yuko wapi. Alitikisa kichwa tu, akarudi kwenye bahasha zake.

Nilikwenda kuisoma nyuma ya tangi la maji. Niliichana mwenyewe, na niliichana vibaya, maana sikuwa nimezoea.

Ni mimi,
Elieth Bukuru Longinus